Sabuni ya Idi

Juzi, mmoja wa wajane ninaotengeneza nao sabuni hapa mtaani Iftin alileta ndoo ya mafuta ya nundu ya ngamia. Nilimrudisha nayo. Sisi tunatumia simsim tu, nilimwambia, lakini harufu ilikuwa imeshanifikia.

Wakati wa vita vya shifta, nikiwa mtoto, alasiri moja nilisikia milio ya bunduki malishoni, kisha wanaume wakakimbilia huko na visu. Walirudi na nyama tele. Mafuta yaliyobaki yalichemshwa pamoja na maji ya majivu, na hooyo, mama yangu, akakoroga sabuni ya kijiji kizima. Mimi nilikula mpaka midomo ikang'aa, nikaamini Idi imekuja mapema. Sikujua kwamba askari walikuwa wamewamiminia ngamia wetu wote risasi, na wanaume walikimbia kuwachinja wale waliokuwa bado wanapumua, wasije wakawa mizoga, haramu kwetu.

"Hooyo, nguo mpya ziko wapi? Si ni Idi?"

Hakuinua macho kwenye sufuria. "Kula, mwanangu. Kula ushibe."

"Na kesho tutakula nini?"

"Kesho," alisema, "kuna sabuni."