Wateja wa Lukresia Wamezeeka

Kwa miaka ishirini na sita Lukresia Nyangi aliuza ndoo, mabeseni na sufuria kwenye magulio ya kando ya ziwa. Alipanga chumba Bunda, si mbali na stendi, na alfajiri za siku za gulio alipakia vyombo kwenye gari la mizigo akaenda Mugango au Bukima. Alikuwa amefika miaka hamsini na tisa. Kukaa mahali pamoja hakuweza, na hata kanisani Jumapili majirani wa benchi lake walijua mguu wake hautulii.

Mambo yalianza kubadilika kwenye mabeseni ya kuogeshea watoto. Zamani dazeni moja ilimalizika kabla ya saa sita mchana. Mwaka huo dazeni aliyoinunua Pasaka ilikuwa bado imefungwa kamba wakati watu wanavuna. Lukresia akalaumu rangi, akaleta ya bluu. Akalaumu bei, akapunguza. Akahama kutoka upande wa nguo za mitumba akaenda karibu na wauza dagaa, wiki mbili baadaye akarudi alikotoka. Nyumbani alipanga ndoo upya usiku na asubuhi, kana kwamba kosa lilikuwa kwenye mpangilio.

Siku moja huko Bukima aliacha kuita wateja, akawa anatazama tu wanaopita. Walipita wazee. Walipita wanafunzi wenye sare. Watu wa katikati, wale wanaooa na kuolewa na kuanzisha nyumba, hakuwaona. Akakumbuka kwamba tangu nyavu zianze kurudi na samaki wachache, vijana walikuwa wakiondoka mmoja mmoja kwenda Mwanza na Geita, na watoto wao wakabaki kwa bibi. Anayeanza maisha ndiye hununua ndoo, sufuria na godoro kwa mpigo. Bibi mwenye sufuria za tangu ubatizo wa mtoto wake wa kwanza hununua chumvi, sabuni na dawa ya kuchua magoti.

Lakini hilo halikumtuliza, kwa sababu pesa zilikuwepo. Kila mwisho wa mwezi wazee walisimama foleni kwa wakala wa simu kutoa walichotumiwa na watoto. Zilikuwa zinakwenda wapi?

Jibu alilikuta stendi ya Bunda. Binti yake Debora, aliyefanya kazi ya mapokezi katika nyumba ya wageni Mwanza, alimpigia simu kwamba amemtumia mzigo kwa basi. Katika ofisi ya mabasi Lukresia alikuta maboksi yamepangwa hadi dirishani: mablanketi, redio, vyombo, yote yameandikwa kwa kalamu nene Mugango, Butiama, Bukima. La kwake alilifungua palepale. Ndani kulikuwa na chupa ya chai yenye maua mekundu. Nyumbani alikuwa nazo tisa za aina hiyohiyo, za kuuza.

Akapiga simu akiwa bado amesimama.

"Debora, mimi nauza chupa za chai."

"Najua, mama. Lakini ulisema yako inapoza."

"Si ungenitumia hela nikachukua humuhumu kwangu?"

"Usingechukua. Ungeiweka hiyo hela. Huku ndivyo tunavyofanya wote. Kazini tuko wanne wa kutoka Mara. Mshahara ukitoka tunanunua vitu hapahapa, tunakwenda stendi. Ukiwatumia wazee hela wanazifunga kwenye kitambaa, wanasema ni za msiba."

"Na mnajuaje wanachohitaji?"

"Hatujui, mama. Tunakisia."

Neno hilo lilimkosesha raha wiki nzima. Gulio lililofuata la Bukima hakupanga vyombo. Alimwachia mizigo muuza dagaa aliyemzoea, akashika njia ya nyumba kwa nyumba.

Alianzia kwa Mzee Makongoro, mvuvi mstaafu aliyefiwa na mke, baba wa mmoja wa wale wanne wa Mwanza. Mzee alimkaribisha ndani. Kulikuwa na redio mbili, moja haijatolewa kwenye boksi, na mablanketi matatu mapya katika nailoni zake.

"Shikamoo mzee. Nimekuja kuuliza unahitaji nini."

"Marahaba, mama. Sihitaji kitu. Watoto wananikumbukaga."

Lukresia hakuondoka. Waliongea mvua, wakaongea bei ya sato. Mwishowe mzee alichungulia uani kuhakikisha hakuna mtu, akashusha sauti.

"Nikichuchumaa chooni siinuki. Nashikilia ukuta, na ukuta wenyewe ni wa udongo. Tangu Kwaresima nakulaga mara moja kwa siku, nisiende mara nyingi."

"Mwanao umemwambia?"

"Mtu anamwambiaje mtoto wake jambo hilo kwenye simu?"

Kesho yake Lukresia alikuwa Butiama kwa fundi seremala, Isaya, kijana aliyekuwa akitengeneza vitanda vya harusi enzi harusi zilipokuwa nyingi. Lukresia alichora kwa kidole kwenye vumbi la mbao: kiti chenye tundu katikati, cha kuweka juu ya choo cha shimo, na mahali pa kushika pande zote mbili.

"Mama Debora, hii sijawahi kutengeneza."

"Na mimi sijawahi kuiuza. Anza."

Cha kwanza kilikuwa kirefu mno. Cha pili kilikuwa na miguu myembamba iliyoteleza. Cha tatu Isaya alikipanulia miguu, akakipiga msasa mara mbili na vanishi juu, na Lukresia akakifunga kwenye bodaboda hadi Bukima. Walipokiweka chooni kwa Mzee Makongoro, Lukresia alitoka, akasimama karibu na zizi la mbuzi bila kujua atazame wapi. Mzee Makongoro alikaa muda mrefu. Alipotoka alikuwa anatembea wima.

"Leo," alisema, "nitakula na mchana."

Jioni hiyo Lukresia alimweleza Debora, naye akawaambia wenzake. Mmoja, mtoto wa Mzee Makongoro, alikasirika, akasema baba yake hawezi kutangazwa hivyo. Wengine walilipia viti vya wazazi wao siku hiyohiyo, na habari ikawafikia watu wa Mara wengine waliokuwa Mwanza. Kabla ya mwaka kuisha Lukresia alikuwa ameuza viti arobaini na kimoja. Baada ya viti wazee walianza kumwambia mahitaji mengine: fimbo yenye mpira chini, viatu laini vya kuvaa bila kuinama, kiti cha nje chenye mgongo. Muuza mbao wa Bunda alimjua kwa jina. Bodaboda watatu walipata safari za uhakika. Pesa zilizokuwa zikiishia madukani Mwanza zilianza kufika hadi Butiama.

Mabeseni aliyauza kwa bei ya hasara. Mguu wake, hata hivyo, haukutulia.

Wiki moja kabla ya Krismasi Isaya alimpa kiti cha kupelekwa Mugango, kisha akasema, "Mama, sikukuu zikiisha nafikiria kwenda Geita."

"Kazi imepungua?"

"Haijapungua. Lakini kila ninachotengeneza ni cha mzee, na mzee akifa kiti anachukua jirani. Kitanda cha harusi sijatengeneza mwaka huu wote. Nina miaka thelathini na moja. Nataka niwe mahali ambapo watu wanaanza."

Lukresia mwenyewe alikuwa ameona mara mbili kiti kikihama nyumba baada ya mazishi. Alimwongezea malipo, Isaya alishukuru, akapokea, ila hakusema kama atabaki.

Oda sita zilikuwa zinasubiri. Lukresia alirudi Bunda, akaweka kikapu ndani, na kabla hajanywa hata maji alitoka tena. Alipita karakana moja hadi nyingine, akiuliza nani ana mkono mzuri na watoto wanaosoma shule ya hapo karibu, wasio na bibi wa kubaki naye, kwa sababu fundi wa namna hiyo hahami haraka.