Mwalimu Asnath na Salamu ya Mlangoni

Mimi si mtu wa kusifu walimu. Baba yangu alipowauliza walimu nani asomeshwe kati yangu na kaka yangu, walimjibu kwamba mtoto wa kike ataolewa. Nikaolewa kweli. Mume wangu Japhet, baba wa mwanangu Nickson, alikaa nami mpaka michikichi niliyoipanda kwa mikono yangu ilipoanza kuzaa vizuri, kisha akahamia Mwanga, pale Kigoma mjini, kwa mwanamke mmoja fundi cherehani. Kusoma nimejifunza ukubwani, kanisani, kwa kitabu cha nyimbo. Kwa hiyo nikimsifu Mwalimu Asnath, ujue si kwa kupenda. Amenilazimisha.

Asnath ni Mpare wa milima ya Usangi. Alipopangiwa kazi Kigoma alikuja kwa treni, akalia kuanzia Tabora, maana abiria mwenzake alimwambia huku kuna samaki na wachawi tu. Akapanga chumba nyuma ya stendi ya Mwandiga, akasema atakaa mwaka mmoja, kisha aombe uhamisho. Mwaka huo haujaisha mpaka leo. Kwanza alishikwa na migebuka ya ziwani iliyokaangwa kwa mawese, halafu akashikwa na watoto. Ana sauti ambayo akimwita mwanafunzi uwanjani, mbuzi wa ng'ambo ya barabara huinua vichwa.

Kitu kilichomshangaza zaidi kwetu ni salamu. Sisi Waha hatusalimiani kwa haraka. Unapiga makofi polepole, unasema mwakeye, halafu unauliza mmoja mmoja: baba hajambo, mama hajambo, wadogo zako, bibi, mifugo. Mwenzako anajibu wazima, wazima, hata kama ameacha mgonjwa mahututi kitandani. Habari mbaya ina wakati wake, mkishakaa. Asnath aliipenda salamu hiyo akaishika yote, na sokoni wanawake walimcheka kwa upendo: "Huyu Mpare atatuulizia mpaka kuku!"

Mwalimu mkuu, Bonaventura, alimpa kazi ya malezi. Kabla yake, malezi shuleni kwetu yalikuwa kuchagua fimbo. Asnath akaita kikao cha wazazi, akasimama mbele yetu bila karatasi.

"Mtoto anayesinzia darasani huenda nyumbani halali," alisema. "Anayepiga wenzake huenda naye anapigwa. Nataka shule yetu iwe na taratibu za kulinda mioyo ya watoto, kama tunavyolinda matumbo yao kwa kuchimba vyoo."

Tulicheka, lakini tulikubali. Mtoto aliyelemewa asichapwe, apelekwe chumba cha stoo, ambacho Asnath alikisafisha na kutandika mkeka, akae mpaka atulie. Na kila asubuhi mwalimu asimame mlangoni, amsalimie kila mtoto salamu yetu yote, ili ambaye kwao si shwari ajulikane.

Ilifanya kazi. Katika muhula ule ule alijulikana mtoto aliyekuwa analala jikoni kwa kumwogopa baba yake mlevi, na mwingine aliyekuwa haoni ubaoni akaitwa mjinga bure. Asnath alitembea Mwandiga kifua mbele, na alistahili.

Kisha akaja Marcelina wangu.

Huo ndio mwaka watu wa Burundi walipokimbia machafuko ya kwao wakajaa Kagunga, kijiji cha mpakani, ufukwe mzima. Mdogo wangu Leonia alikuwa ameolewa ng'ambo ya mpaka. Alivuka kwa miguu na binti yake, huyo Marcelina; mume wake alikuwa amechukuliwa na watu, hakurudi. Kipindupindu kikamuua Leonia pale pale ufukweni. Mtoto aliletwa mjini na meli, nikamfuata bandarini. Alikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja na hakuwa anaongea. Nikamwandikisha shule, maana niliapa hakuna msichana mwingine wa damu yangu atakayenyimwa.

Siku za kwanza alikwenda vizuri. Baadaye nikaona anaondoka mapema lakini jirani zangu wanamkuta amekaa kwenye mashamba ya mihogo nyuma ya shule, madaftari mapajani. Nilimuuliza, hakujibu. Nikaitwa na Mwalimu Bonaventura.

"Mama Nickson, huyu binti ana kiburi. Mwalimu anamsalimia mlangoni, anakaa kimya kama gogo. Nimempa adhabu ya kufyeka, bado. Sasa ni mtoro. Akiendelea hivi, mwisho wa mwezi namfuta shule."

"Mfute," nilimwambia, "muwe mmetimiza. Mlianza na mimi."

Nilisema hivyo kwa hasira, lakini njia nzima ya kurudi nilijuta. Nafasi ile ya shule ndiyo kitu pekee nilichokuwa nacho cha kumpa.

Jumapili Asnath akaja nyumbani. Jumamosi ni Sabato yake. Marcelina alikuwa anapepeta mchele mlangoni. Asnath akasimama uani, akapiga makofi kwa adabu zote.

"Mwakeye, Mama Nickson."

"Mwakeye."

"Watoto hawajambo?"

"Wazima."

"Na bibi yao, kule Kagunga?"

"Mzima."

"Na baba Nickson, hajambo?"

Miaka mitano nimekuwa nikijibu mzima. Kwa padri, kwa jirani, kwa muuza dagaa. Siku hiyo nilichoka.

"Sijui," nilisema. "Kamuulize fundi cherehani wa Mwanga. Ndiye anayempima kila siku, kiuno na mabega."

Asnath akabaki mikono imekutana, haijui iende wapi. Na nyuma yangu nikasikia kitu ambacho sikuwahi kukisikia tangu bandarini: Marcelina anacheka. Ungo ulimtetemeka mikononi, mchele ukamwagika, naye akaendelea kucheka, kisha kicheko kikageuka kilio, akaficha uso ndani ya kanga yangu.

Asnath hakumsogelea. Alikaa chini, akaanza kuokota mchele punje kwa punje. Alipomaliza alisema taratibu, kama anayejisemea:

"Kila asubuhi nilikuwa namuuliza, baba hajambo, mama hajambo. Mbele ya foleni nzima. Akisema wazima, amemdanganya mama yake kaburini. Akisema ukweli, amevunja adabu. Na kuhusu baba, hata hajui aseme nini." Akanitazama. "Mlango huo niliujenga mimi, Mama Nickson. Nitaubomoa mimi."

"Ubomoe kabla ya mwisho wa mwezi," nilimjibu, "maana mkuu wako ameshainua kalamu."

Kikao kiliitwa wiki hiyo hiyo. Asnath alieleza kosa lake wazi, bila kuzunguka wala kumtaja mtoto, akapendekeza mtoto asiulizwe tena habari za nyumbani mlangoni. Atachagua mwenyewe: salamu nzima, au neno moja, au apige makofi tu na kupita. Anayetaka kusema zaidi, mkeka upo. Na asiyejibu asiadhibiwe.

Mzee Nikodemu, mwenyekiti wa kamati ya shule, alisimama na bakora yake.

"Mwalimu, tukiacha kumuuliza mtu habari za kwao, tumuulize nini? Mpira? Utatulelea watoto wasiojua adabu."

"Ndiyo hoja yangu pia," alisema Bonaventura.

"Shikamoo, mzee," Asnath alisema. "Naomba nikuulize. Wale watu waliposhuka melini mwaka huu, wewe ulikwenda bandarini?"

"Nilikwenda. Nusu ya Mwandiga tulikwenda."

"Uliwauliza, baba yako hajambo, mama yako hajambo?"

Mzee akaegemea bakora.

"Hapana. Tuliwapigia makofi, tukawapa maji na mihogo. Mtu wa namna ile humuulizi. Anasema mwenyewe."

"Basi mzee, wengine wao sasa wanapita mlangoni kwangu wamevaa sare."

Nikodemu alitikisa kichwa, akacheka kidogo. "Huyu Mpare! Tulimfundisha salamu, sasa anatufundisha lini tuimeze." Akamgeukia Bonaventura. "Mwalimu mkuu, jina la mtoto yeyote lisifutwe kwa jambo hili. Andika hivyo."

Akaandika. Nilimtazama mpaka alipoweka nukta.

Jumatatu nilimsindikiza Marcelina, nikabaki ng'ambo ya barabara. Alipofika kwenye foleni nilidhani atakimbilia mihogoni. Asnath alikuwa mlangoni, kimya kwa mara moja maishani mwake. Marcelina akapiga makofi mawili madogo. Asnath akarudisha mawili. Mtoto akapita, akaingia darasani. Basi, ilikuwa hivyo tu.

Ilikuwa hivyo muhula mzima. Halafu asubuhi moja, baada ya makofi, hakupita. Asnath mwenyewe alikuja kunisimulia, hata chai hakungoja.

"Amesimama, Mama Nickson, ameniangalia usoni, ameniuliza: 'Na mama yako kule Upareni, hajambo?'"

"Ukamjibuje?"

"Ukweli. Nimemwambia miguu inamsumbua, hawezi tena kupanda mlima. Akaniambia, 'Pole, mwalimu.' Akaingia darasani."

Nilimmiminia chai. Siku hizi Asnath ananisalimia vizuri sana, watoto, bibi, mpaka kuku. Akifika kwa baba Nickson anapiga makofi na kumruka.