Mheshimiwa na Mikono Miwili ya Kushoto

Fundi Pindo alikuwa na watoto wawili, cherehani moja, na paka aliyepachikwa jina la Mheshimiwa na mume wa fundi, dereva wa lori. Jina lilimkaa sawasawa. Paka huyo alikuwa na kitambi, alionekana nyumbani wakati wa chakula tu, na panya wakipita mbele yake aliwatazama kama anayengoja ripoti ya kamati.

Kazi aliyokuwa nayo ni moja: kubeba lawama. Fundi mwenyewe ndiye aliyemwajiri. Nguo ikichelewa, "Paka kaikalia, mpenzi, ikabidi niifue upya." Kifungo kikipotea, paka. Watoto nao si viziwi. Kabla mdogo hajajua kuhesabu, alishajua kwamba sukari inaliwa na Mheshimiwa na ukuta unachorwa na Mheshimiwa. Hata lile godoro la mdogo lililoanikwa uani kila asubuhi, mkosaji alikuwa na mkia.

"Kwani huyu paka analala kwako, au wewe unalala kwake?" mama alimuuliza mdogo siku moja.

"Tunapokezana."

Kisha likaja gauni la Mwalimu Mkuu. Huyu alikuwa mteja wa kubembelezwa, maana sare zote za darasa la kwanza alizileta kwa Fundi Pindo, na zingeondoka, cherehani ingebaki na kazi ya viraka tu. Fundi akakata mikono ya gauni huku akiamua ugomvi wa watoto, akasahau kugeuza kitambaa. Ikatoka mikono miwili, yote ya kushoto. Kitambaa kimekwisha, na dukani hakipo tena. Akauchukua mmoja, akausokomeza kwenye boksi alimolala paka.

Mwalimu alipokuja kujaribu, ulimi wa fundi ukashika njia yake ya siku zote.

"Nisamehe, Mwalimu wangu. Paka kauchanachana mkono wa kulia."

Mwalimu akavua miwani. "Fundi, chagua. Paka atoke leo, nikiona kwa macho yangu, au sare nizipeleke kwa yule wa ng'ambo ya barabara."

Fundi akageukia mlangoni. "Dada," akamwita binti yake mkubwa, "mlete Mheshimiwa. Anahamia kwa shangazi yenu."

"Kwa kosa gani, Mama?"

"Mlete!"

Binti hakusogea. Aliyekimbilia chumbani ni mdogo, huku akilia kilio cha kufukuza kunguru. Akarudi amembeba Mheshimiwa, na ili asipate baridi huko ugenini, kamfunga begani kile kitambaa cha kwenye boksi. Paka alionekana kama amevaa joho la mahafali.

Mwalimu akakivuta. "Haya si maua ya gauni langu? Mbona hakina hata tundu?" Akakilaza mezani juu ya mkono mwingine. Vikalaliana bila tofauti. "Huu si wa kushoto?"

"Na huo pia," binti akasema, macho sakafuni.

Fundi akamtazama paka. Paka akapiga miayo.

"Nilikata mimi, Mwalimu. Paka hata chumbani hakuwamo."

"Na kile kifungo cha mwaka jana?"

"Mimi."

"Na doa la chai?"

"Mimi tena. Na chai yenyewe ilikuwa tamu."

"Na godoro ni mimi!" mdogo akadakia, kwa kuona siku yenyewe ni ya msamaha.

Mwalimu akacheka mpaka akatafuta kiti. "Basi nishonee gauni lisilo na mikono. Sare utashona, ila utakuja kuzikatia ofisini kwangu, nikikutazama."

Mheshimiwa akabaki, lakini kazini alishastaafu, na pengo lake likaonekana upesi. Wiki hiyohiyo sahani ikalia *pwaa!* jikoni.

"Nani kavunja?"

Watoto wakatazamana.

"Baba," mdogo akasema.

"Baba yako si yuko safarini na lori?"

"Alipita mara moja tu, Mama. Alikuwa na haraka."