Sare ya Yusra na Macho Mawili ya Bi Mwanamvua

Mwanamvua binti Ramadhani bin Sefu bin Mabruki, wa Ujiji, mtaa wa Kitongoni. Huyo Mabruki alitoka pwani kwa miguu na mzigo wa merikani begani, miezi minne njiani, masika yote, na alipoutua Ujiji hapakuwa na jora lililolowa. Sefu mwanawe aliitwa na wenye maduka kukagua kaniki, kwa kuwa aliweza kusema weusi upi ni weusi na upi ni bluu iliyojificha. Ramadhani alikuwa fundi wa kanzu, na nyeupe alizijua tisa, kila moja kwa jina lake. Mke wa Ramadhani, mama yake Mwanamvua, alirudisha kanga dukani siku ya mkesha wa Idi mbele ya watu, akasema wekundu wake ni wa uongo. Mwenye duka akabisha. Mama akaomba ndoo ya maji, akaichovya palepale, na ndoo ikawa kama imechinjiwa kuku.

Ukoo ule haukuwa na nyumba za kupangisha wala mashamba ya michikichi. Ulikuwa na macho.

Kwa hiyo Bi Mwanamvua alipofika umri wa kuheshimiwa, ilionekana ni jambo la kawaida kwamba arusi yoyote ya Kitongoni haikosi kupita barazani kwake kuulizia sare. Wanawake sitini hawawezi kuvaa kila mmoja lake, na wanawake sitini hawawezi kukubaliana. Lazima mmoja aseme. Alisema yeye kwa miaka thelathini na nane. Akisema hudhurungi, ni hudhurungi. Akisema maji ya kunde, hata kunde zenyewe zingekubali.

Miaka ya karibuni alianza kulalamika kwamba viwanda vimeharibika. Vitambaa vya siku hizi, alisema, vimefifia kabla ya kuvaliwa, na nyeupe zote zinatoka na usamli. Hakuna aliyembishia. Yeye alichukulia kimya chao kuwa ushahidi.

Basi akaposwa Yusra, mjukuu wake, binti wa mwanawe Sefu, aliyepewa jina la babu, na mkewe Shadya. Bi Mwanamvua akavaa baibui, akamchukua Shadya, wakaenda soko la Mwanga, kwenye duka la Leonardi. Akapapasa majora kwa utaratibu wa ukoo wake: kwanza kidole gumba, kisha kiganja, kisha macho. Akasimama kwenye jora moja la satini.

"Hii. Damu ya mzee. Yusra ataingia nayo ukumbini kama malkia."

Shadya akainama, akatazama. "Mama, mbona hii kama zambarau?"

"Zambarau ni ile ya mamako. Leonardi, hii rangi gani?"

Leonardi alimtazama mteja wa vipande sitini, akamtazama na mkwewe asiye na hata kipande. "Damu ya mzee, mama. Damu ya mzee kabisa."

Habari zikaenda mtaani kwamba sare ya Yusra ni damu ya mzee. Vipande vikagawiwa, mafundi wakaanza kushona. Na hapo wanawake wa Ujiji wakafanya jambo ambalo huwezi kulikuta kwingine. Wengi wao, wakiwa wameshika mkononi kitambaa cha zambarau, waliingia dukani kwa Leonardi wakanunua mtandio wa damu ya mzee, kwa sababu Bi Mwanamvua kasema.

Wiki tatu kabla ya arusi walikuja hospitali madaktari wa macho. Kumbe jicho lake la kulia lilikuwa na mtoto wa jicho, na la kushoto pia, ila wao hutoa moja kwanza na lingine baada ya miezi mitatu. Akaenda, kwa kulalamika, wakamtoa la kulia. Kesho yake wakamfungua bandeji.

Kitu cha kwanza alichokiona ni shuka la kitanda. Lilikuwa jeupe, tena weupe wenye ubaridi wa bluu ndani yake, ule ambao Ramadhani aliuita nyeupe ya alfajiri, na ambao binti yake alidhani umekwisha duniani. Akafumba jicho la kulia. Shuka likawa samli. Akafumba la kushoto. Likawa alfajiri. Muuguzi akadhani anamkonyeza.

Nyumbani ilikuwa mbaya zaidi. Ukuta wa chumba chake, aliowaamuru wapakaji wautie rangi ya samli, ulikuwa na njano inayopiga kelele. Ziwa, alilokuwa akilisema kwa kuwa kijani kama maji ya kisamvu, lilikuwa bluu mpaka likatia aibu. Na kwenye kamba ya nguo, gauni la sare la Shadya lilining'inia limeshonwa tayari, likipepea taratibu, zambarau tupu, zambarau ya zambarau zenyewe zikiwa mtini.

Akafumba la kulia. Damu ya mzee, haina shaka.

Akanyamaza. Alinyamaza siku kumi na sita, na wanaomjua wanajua hiyo ni kazi kubwa kuliko kufunga Ramadhani. Ikiwa atasema, jina la watu wanne, tangu Mabruki, linaingia kwenye ndoo ya maji mbele ya watu. Asiposema, mjukuu wake ataingia ukumbini Jumamosi akifuatwa na wanawake sitini wenye vichwa visivyojuana na viwiliwili, mbele ya ukwe mzima.

Jumanne ya wiki ya arusi, asubuhi, bwana arusi mwenyewe akaja. Abdulatif, mwalimu wa sekondari, kijana mrefu mwenye adabu nyingi na shingo nyembamba.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mume wangu. Umekuja kunichukua mimi au yule mtoto?"

Shadya, aliyekuwa akichambua mchele kwenye ungo pembeni, akacheka. Abdulatif akatoa simu. "Bibi, mama ameniagiza. Upande wetu wanataka kununua mitandio ifanane na yenu. Mmesema damu ya mzee, lakini kipande mlichompelekea, mama anasema ni..." Akaitazama simu. "Anasema labda picha ya simu inadanganya."

"Simu haijui kudanganya, haijaolewa. Wewe unafundisha nini?"

"Fizikia, bibi."

"Vizuri. Basi nifundishe mimi. Rangi iko wapi?"

Kijana akafurahi kama walimu wanavyofurahi wakipata mwanafunzi asiyesinzia. Akamweleza kwamba rangi haikai kwenye kitambaa. Mwanga wa jua una rangi zote ndani yake. Ukigonga kitambaa, kitambaa humeza nyingine na kurudisha nyingine. Zinazorudi zinaingia jichoni, jicho linapeleka habari kichwani, na kichwa ndicho kinachotoa hukumu. Huko nje, alisema, kuna mwanga unaotetemeka tu. Wekundu na uzambarau tunautengeneza sisi.

"Kwa hiyo kitambaa kikiwa ndani ya sanduku, gizani, kina rangi gani?"

"Hakina, bibi. Au tuseme bado hakijaulizwa."

"Na mahari uliyotuletea kwenye bahasha? Nayo ilikuwa haijaulizwa?"

Shadya alilazimika kuweka ungo chini. Abdulatif naye akacheka, lakini hakuacha somo. "Wenye hekima wamebishana zamani sana kuhusu jambo hili, bibi. Kama tunaona vitu vyenyewe, au tunaona habari za vitu tu."

Bi Mwanamvua alihisi mlango umefunguka. Hakuna rangi! Ikiwa hakuna rangi, hakuna aliyekosea. Akajiweka sawa kwenye mkeka. Halafu akauliza, kwa sauti ya mtu anayemuulizia jirani:

"Na mtu akiwa na macho mawili yasiyokubaliana, lipi linasema kweli?"

"Inategemea. Mtu akizeeka, lenzi ya jicho hugeuka njano, kama karatasi ya zamani. Bluu inazuiwa mlangoni. Zambarau ikinyang'anywa bluu yake inabaki na wekundu wekundu tu. Lakini hilo jicho halidanganyi, bibi. Linasema kweli ya kile kilicholifikia."

"Umemsikia, Shadya? Halidanganyi."

"Nimesikia, mama." Shadya akaurudisha ungo mapajani. "Sasa mwalimu, hiyo mitandio tununue ya kweli ipi? Maana kichwa ni kimoja."

Abdulatif akairudisha simu mfukoni. Huko walikokuwa wakibishana wenye hekima, inaonekana hakuna aliyewahi kufananisha sare.

Bi Mwanamvua akainuka. Akaenda mwenyewe kwenye kamba, akalichukua gauni, akalitandaza kwenye ngazi ya baraza, pale jua lilipopiga bila huruma. Akafumba jicho hili, akafumba lile. Akarudia. Kisha akasema bila kugeuka:

"Shadya. Siku ile dukani ulisema nini?"

"Hata sikumbuki, mama."

"Sema."

"Nilisema zambarau."

"Mbona ulinyamaza?"

"Uliniambia zambarau ni ile ya mamangu."

"Nimekaa nawe nyumba hii miaka ishirini na mbili. Kumbe unaona zambarau peke yako, unaniangalia tu?"

Shadya akachagua chuya moja kwenye mchele, akaitazama muda mrefu kuliko chuya inavyostahili. "Si peke yangu, mama. Tuliona wote."

"Wote nani?"

"Kitongoni yote. Hata Leonardi."

Abdulatif alianza kutafuta viatu vyake.

"Tangu lini?" akauliza Bi Mwanamvua.

"Ile arusi ya mwaka juzi. Uliyosema sare iwe samli."

"Ilikuwa samli nzuri sana ile."

"Ilikuwa nyeupe, mama. Nyeupe pe. Tulitoka wanawake hamsini kama wajane hamsini wa eda moja. Watu waliotoka Kibirizi na dagaa wao walisimama njiani, wakavua kofia, wakauliza nani kafa."

"Na nyinyi mkasemaje?"

"Tukasema ni samli."

Bi Mwanamvua alikaa chini kwenye ngazi, kando ya gauni. Tangu mwaka juzi alidhani anawaonyesha watu rangi, kumbe watu sitini kwa sitini walikuwa wakiishikilia juu rangi yake kwa mikono, wasiiache ianguke, kwa sababu ni yake. Hakujua kama hiyo ni heshima au ni ujinga. Alimtazama mwalimu, labda fizikia ina neno. Mwalimu alikuwa akifunga kamba za viatu.

"Mume wangu."

"Naam bibi."

"Kamwambie mamako simu yake ni nzima. Ni zambarau." Neno lilimtoka kama jino. "Na hili jicho la kushoto, afadhali madaktari waliliacha na mtoto wake. Jumamosi nina haja nalo. Nikichoka na zambarau zenu, nitafumba la kulia nikaione sare niliyoichagua."

Kijana akaaga, akaenda zake. Bi Mwanamvua akalikunja gauni, kwanza kidole gumba, kisha kiganja, akampa mkwewe.

"Kuanzia leo utachagua wewe, Shadya. Zetu, na za wote wanaokuja kukaa baraza hii."

"Mimi, mama?"

"Wewe uliyesema. Usichague ndani ya duka, litoe jora nje juani. Ita watu wawili wasiopatana, maana wanaokupenda watakupa samli. Na mtu akikwambia siyo, usimtaje mamake." Akausukuma ungo wa mchele pembeni kwa mguu. "Anza na hiyo mitandio. Ikusanye nyumba kwa nyumba, damu ya mzee yote, umpelekee Leonardi kabla ya adhuhuri akubadilishie. Akikwambia imefanana na gauni, mlete hapa, na ndoo ya maji."