Lebo za Sauti ya Dada

Shemeji yangu alikuwa mtu wa kubandika majina. Ukifungua kabati lake la jikoni, kila kopo lina kikaratasi: chumvi, majani ya chai, sukari, na moja limeandikwa "hii si sukari". Kwenye kituo cha redio alikofanya kazi ya ufundi sauti tangu nywele zake zikiwa nyeusi walimwita Mzee Lebo, na jina likaganda mpaka majirani wakasahau la kuzaliwa. Mimi ni mdogo wa mkewe, kwa hiyo nina haki zote za kumtania, na nilizitumia. Nilimwambia ipo siku dada yangu ataamka amebandikwa "mke" kwenye paji la uso. Akanijibu kwa uso mkavu, "Wa kubandikwa ni wewe, shemeji. Hatari, usiguse."

Mimi na dada tulikuwa mafundi cherehani. Chumba chake cha kushonea kilipakana na chumba ambamo shemeji aliweka kompyuta ya redio, nyaya, maikrofoni za kutengeneza na spika moja kubwa ya mbao. Mlango kati ya vyumba hivyo haukufungwa hata mara moja, sijui hata kama kitasa chake kilifanya kazi. Huyu anashona, yule anachomelea waya, na mazungumzo yanapita katikati. Wakigombana, nami niko hapo hapo na sindano mdomoni, nimejifanya kiziwi.

Ni katika chumba hicho shemeji aliponieleza kazi yake. Vinasa sauti, alisema, huzipa faili majina ya namba tu, na namba haikwambii nani anaongea. Sasa, pembeni ya kila faili kuna mahali pa kubandika maneno bila kuigusa sauti yenyewe. Unaiandikia kompyuta amri kwenye ule uso wake mweusi: setfattr ya kubandika, getfattr ya kusoma. Hakuna picha ya kubofya, ni maandishi matupu. Nilipotoa sindano mdomoni nikamwambia kumbe ni kile kikaratasi tunachokipiga pini kwenye nguo ya mteja: si sehemu ya nguo, lakini kikidondoka hujui gauni ni la nani. Alifurahi kupita kiasi. Akawa anawafundisha wafanyakazi wapya kwa mfano huo, na hakuwahi kusema kaupata kwa nani.

"Na hizi amri zina adabu," aliniambia. "Zikifanikiwa hazisemi kitu. Ukiona kimya, ujue mambo yamekwenda sawa. Zingekuwa watu, ningekuozesha mmoja ujifunze kunyamaza."

Kila maikrofoni aliyoitengeneza ilibidi ijaribiwe, na wa kuijaribia alikuwa dada. Anamwekea mbele ya cherehani, anamwambia, "Sema kitu." Dada hakuwa mtu wa kuhesabu moja, mbili, tatu. Alisema lililomjia: mteja aliyenenepa akadai ameibiwa kitambaa, zipu zinazoharibika kabla hazijavaliwa, au mume anayeleta maikrofoni za watu nyumbani huku bawaba ya dirisha lake mwenyewe ikining'inia. Shemeji hakuzifuta sauti hizo. Alizihifadhi kwenye folda yake, miaka nenda miaka rudi, bila lebo. Aliona hazihitaji. Mwenye sauti si yuko chumba cha pili?

Kisha masikio yakaanza kumtupa shemeji. Mwanzoni tulidhani ni ujeuri. Daktari alipompima alisema mishipa ya ndani inakufa na haitarudi, kilichobaki ni muda tu. Shemeji alirudi nyumbani akacheka, akamwambia dada, "Afadhali. Nitapumzika na hiyo midomo yenu." Dada naye akacheka. Kabla masikio hayajaisha, aliyeisha ni dada. Aliugua muda mfupi sana, akatutoka, nasi tulikuwa tumejiandaa kwa jambo jingine kabisa.

Hapo ndipo nilipomwona mtu akishindana na mwili wake. Kila alipotoka kazini alikaa kwenye kompyuta na hedifoni masikioni, sauti imepandishwa mpaka mwisho, akisikiliza faili za dada moja moja na kuzibandika lebo. Mimi nilikuwa nimehamia kwenye cherehani ya dada kumalizia nguo za wateja, na ile sauti ilivuja kwenye hedifoni ikanifikia. Dada yangu akicheka, mdogo kama mdudu. Sikuweza. Nilitoka uani nikasimama hadi amalize, na nikaapa sitaisikiliza sauti ile tena maishani. Yeye aliendelea. Faili ya mwisho aliibandika akiwa ameyafumba macho kwa nguvu, ili kilichobaki cha akili yake kiende masikioni. Haikupita miezi mingi akawa hasikii hata mlango ukigongwa kwa ngumi.

Tangu hapo tukawa tunaongea kwa chaki. Meza yangu ya kukatia nguo ni nyeusi, nami sikosi chaki ya kuchorea vitambaa, basi naandika mezani, yeye anajibu kwa mdomo, kwa kelele, maana hajui tena anapiga ukelele kiasi gani. Na kila asubuhi, kabla ya chai, aliandika amri yake ya getfattr juu ya folda nzima, na lebo zikashuka kwenye kioo mstari kwa mstari. Alizisoma kwa sauti. "Hapa kakasirika lakini atacheka. Hapa anaimba, hajui narekodi. Hapa ananisema kwa ajili ya dirisha." Na moja aliyoisoma taratibu kuliko zote: "Hapa ananiita." Kisha anakunywa chai yake, siku inaanza. Nilizoea. Mwanzo ilinikera, baadaye ikawa asubuhi isiyo na lebo za dada si asubuhi.

Redio ilikuwa imemwachia kazi ya kuchomelea nyaya tu, mpaka siku ya kustaafu ikafika. Kompyuta ilikuwa mali ya redio, na sheria ilitaka irudishwe ikiwa safi, bila faili ya mtu. Alinunua diski mpya dukani, akahamishia folda ya dada kwa amri fupi ya kunakili aliyoitumia tangu zamani, ile cp yenye kiherufi a mbele yake, inayobeba kila kitu. Kompyuta haikusema neno. Akalinganisha idadi ya faili na ukubwa wake, vikalingana. Ndipo akaisafisha ya zamani kwa mkono wake, kikamilifu, kama alivyowafundisha wengine, na akaikabidhi. Alirudi nyumbani anapiga mluzi ambao yeye mwenyewe hausikii, umepinda vibaya sana, na nikamwacha aupige.

Asubuhi iliyofuata aliwasha kompyuta mpya aliyojinunulia, akachomeka diski, akaandika getfattr. Hakikushuka kitu. Akairudia amri akidhani amekosea herufi. Hakikushuka kitu. Nilimwona akiisogelea ile kompyuta kama mtu anayetaka kuinusa. Akafungua faili moja na kuweka kiganja kwenye spika ya mbao, ndiyo njia yake ya kujua kama kuna kinacholia. Kilikuwa kinalia. Sauti zote zilikuwepo, nzima, mimi nilizisikia na nikatoka mbio uani. Kilichokuwa hakipo ni lebo tu.

Tulimwita mama aliyerithi kiti chake redioni, fundi ambaye shemeji ndiye aliyemfunza. Alikaa, akaandika amri zake, akaangalia, kisha akageuka kunitazama mimi badala ya kumtazama yeye. Nikamwambia, "Mwandikie hapa mezani. Mimi siwi mjumbe wa habari hiyo."

Akashika chaki. Diski hizi za dukani, aliandika, zimetengenezwa zisomeke kwenye kila kompyuta, na hazina mahali pa kuweka lebo. Amri ile ya kunakili ikikuta mahali hapazipokei, inaziacha nyuma na hailalamiki. Iko njia nyingine ya kuiandika, ambayo ingepiga kelele. Halafu akasita, akaongeza kwa herufi ndogo: "Mimi nami hutumia hiyo hiyo fupi, mwalimu. Wewe ndiye uliyenifundisha."

"Ilikaa kimya," shemeji alisema. "Nilijua imefanikiwa."

Alishika tama. Mama yule alianza kulia, akaomba radhi kana kwamba kosa ni lake, akaondoka. Ile kompyuta ya zamani hata hakuna aliyeiulizia, maana sote tulijua nani aliisafisha na anasafishaje.

Siku zilizofuata hakubandika kitu. Kopo jipya la sukari lilikaa kabatini halina jina. Chai aliinywa ikiwa imepoa, na alikonda waziwazi, shingo ikawa inaelea kwenye kola. Mwishowe akaja kusimama mbele ya cherehani yangu.

"Shemeji, wewe una masikio."

Nilijua anakoelekea. Nikaandika mezani kwa herufi kubwa: SIWEZI.

"Sikuombi uniimbie. Sikiliza, uandike. Mimi nakumbuka lebo zote, ila sijui ipi ni ya faili ipi. Nina maneno na nina sauti, na sina wa kuziunganisha." Sauti yake ilikuwa imepanda mpaka jirani akachungulia. "Hata moja tu. Nitafutie ile anayoniita. Nyingine uziache."

Nilimkasirikia. Nasema kweli, nilimkasirikia sana, kwa sababu yeye alikuwa ameyapoteza masikio na mimi nilikuwa nimebaki nayo, na sasa alitaka niyatumie kujichoma. Nilikanyaga cherehani kwa hasira, nikaharibu ukosi mzima wa shati la watu. Nikaufumua. Nikamtazama pale aliposimama, mikono imening'inia, mtu asiyejua kusihi. Nikafuta ile SIWEZI kwa kiganja.

Akanifundisha kuandika amri. Safari hii alizihifadhi sauti kwanza kwenye kompyuta yake, diski akaiandaa upya iwe na mahali pa lebo, akazirudisha, na baada ya kila setfattr alinilazimisha niandike getfattr nihakikishe. Kimya hakukiamini tena.

Nikavaa hedifoni. Sitaeleza faili ya kwanza ilinifanya nini. Dada alisema, "Haya, imewaka? Usinitolee macho, niambie imewaka," na nikajikuta namjibu kwa sauti kwamba imewaka. Nililia hadi shemeji akanishika bega. Lakini nikabandika: "Anauliza kama imewaka." Nikaenda ya pili, na ya tatu. Baada ya siku chache nikawa nacheka na kulia kwa pamoja. Nilimkuta akimsema yule mteja mnene, nikaipata bawaba ya dirisha, nikamkuta akinisema mimi, ati nakata vitambaa kama nachinja. Kila nikibandika, shemeji anasoma, anatikisa kichwa: "Naam, hiyo." Kisha ananitazama. "Na ile anayoniita?"

Bado, nikawa naandika. Bado.

Folda ikakaribia kwisha, na hakukuwa na faili ambayo dada anamwita mumewe. Nilirudia nyingine mara mbili. Alimtaja, alimteta, alimsifia hata, siku moja alipodhani maikrofoni imezimwa. Kumwita, hapana. Nikaanza kuogopa kwamba hiyo lebo aliibandika kwa masikio yaliyokwisha kufa, kwamba alisikia alichotaka kusikia. Nitamwambiaje? Ningeandika kitu gani kwenye ile meza?

Ya mwisho haikuwa na neno lolote. Cherehani ya dada inakwenda, inakwenda, inasimama. Mkasi unawekwa mezani. Basi, faili imekwisha. Nikapumua, nikabandika: "Cherehani tu. Hakuna maneno." Nikainua chaki ili nimwandikie kwamba sikuipata.

Alikuwa ameshaisoma. Aliniomba niichezeshe kwenye spika, akaweka kiganja juu ya mbao. Nikaicheza. Cherehani ikaanza kutetema chini ya mkono wake, nikauona uso wake ukilegea, ukawa wa yule kijana niliyemwona mara ya kwanza alipokuja kumposa dada. Kisha cherehani ikasimama.

Naye akasimama. Aliinuka kwenye kiti bila kunitazama, akavuta shati lake likae sawa, akaenda hadi kwenye ule mlango wa chumba cha kushonea.

"Hakuwa akiniita kwa mdomo," alisema, amenipa mgongo. "Akimaliza kazi alisimamisha cherehani. Nikisikia imekatika, najua ananitaka."

Mle ndani kulikuwa na cherehani, kiti changu, na shati la mteja lisilo na ukosi. Aliendelea kusimama pale, mkono kwenye fremu ya mlango, kama mtu anayengoja kukaribishwa. Nami nimeketi kwenye cherehani ile siku zote hizi, nikianza na kuacha nipendavyo, na mara ngapi nimemwona kupitia mlango ule akiwa amezama kwenye kazi yake, haisikii, hainuki.

Niliifuta lebo yangu. Nikaandika amri, herufi moja baada ya nyingine kwa maana macho hayakuwa yanaona vizuri: "Hapa anamwita." Kompyuta haikusema kitu. Nikaandika getfattr kama alivyonifundisha, mstari ukatokea. Nikaenda kumtoa mlangoni.