Uso wa Mama wa Asubuhi

Mama yuko mapokezi kwenye hoteli moja mjini, na kipindi cha Bunge wageni wakijaa hapati hata Jumapili. Kabla hajatoka hapa Mkonze, mimi ndiye ninayempamba, maana akishika wanja mwenyewe anasinzia. Jana alikaa juu ya ndoo, nikampaka mafuta kidogo tu kwa sababu ya vumbi, halafu poda. Nilipofika jicho la pili, alikuwa ameshalala.

"Mama, usilale, utaniharibia!"

"Paka tu, mwanangu. Leo namwomba bosi siku moja nipumzike."

Nikakazana. Weusi wa chini ya macho nikaufunika wote, na lipstiki kidogo nikamsugulia mashavuni. Akajitazama kwenye kioo, akacheka. "Eeh, bibi harusi!"

Jioni alirudi, akakaa pale pale kwenye ndoo bila kuvua viatu. Bosi alikuwa amemwambia, "Dada, uso unang'aa hivyo, umechoka wapi?"

Nikamfuta poda kwa kitambaa chenye maji. Nikamuuliza kama kesho nisimpake, bosi amwone alivyo.

"Akiniona hivi atasema nafukuza wageni," akajibu, amefumba macho.