Alama Yangu Kwenye Barabara ya Baba Mkwe

Nianze kwa kukiri, maana nisipokiri mwenyewe mke wangu atakiri kwa niaba yangu, naye huongeza chumvi: ndiyo, ni mimi niliyekiondoa kijiji kizima kwenye karamu, wazee na kanzu zao, kina mama na mikono yenye unga, wakaenda juani na kamba na majembe kuzikwamua kamyo mbili, yaani malori, ambazo hazikuwapo. Aibu ninayo hadi leo. Lakini (niliseme mapema kabla hamjaanza kucheka) hata katika siku ile kuna mambo mawili ninayojivunia, na nitayasema bila haya.

Ilikuwa wakati wa Wabelgiji, mimi kijana wa Kindu, karani wa ghala, mwenye kalamu mfukoni na baiskeli nyeusi. Kwetu baiskeli tunaiita kinga, na kinga yangu ilikuwa na kengele mbili, ya pili haikuwa na kazi yoyote, niliifunga kwa ajili ya sifa tu. Kila siku nikitoka kazini niliifuta kwa kitambaa chenye mafuta, spoki moja baada ya nyingine, mpaka mama akaniuliza kama ninapanga kuioa. Niliyetaka kumwoa alikuwa Zaina, binti wa Mzee Ramazani, ng'ambo ya mto, kwenye barabara ya Kalima, na Jumapili hiyo ndiyo siku tuliyopewa ya kupeleka posa.

Sasa huyu Mzee Ramazani lazima mumjue. Alikuwa kapita wa makantonye, yaani msimamizi wa wale watu wanaotengeneza barabara kwa jembe, kapu la changarawe na gogo la kushindilia. Sehemu yake ilianzia kwenye bariere ya mvua mpaka kijijini kwake. Bariere ni mti unaolazwa katikati ya barabara mvua ikinyesha, na haunyanyuliwi mpaka udongo ukauke, ili magurudumu yasiukate. Maana mzungu wa barabara akija kukagua akakuta mfereji, anayejibu ni kapita, na majibu ya siku zile mnayajua, yalikuwa ya fimbo. Kwa hiyo mzee aliilinda barabara ile kwa wivu, na watu walisema akiamka huichungulia barabara kwanza ndipo amwamkie mkewe.

Baba mdogo wangu Saidi alitangulia Jumamosi kwa miguu, yeye na kuku na vitambaa. Akaniambia, "Juma, kesho ufike mbele ya adhuhuri. Mukwe anayechelewa siku ya posa, wanamupa maji ya kunywa na wanamusindikiza." Nikamjibu kwamba mtu mwenye kinga hachelewi.

Alfajiri mvua ikamwagika. Ilipokatika nikavuka Lualaba kwa mtumbwi, kinga nimeikumbatia, suruali nyeupe nimeikunja, tarbushi yangu nyekundu kichwani, nikapanda barabara, nikaenda vizuri kabisa mpaka bariere, na bariere imelala. Kamyo mbili zimesimama hapo, madereva wanachoma ndizi. Mlinzi alikuwa mtu mmoja anaitwa Asumani.

"Apana, bwana karani," akasema. "Hata kinga. Kapita alisema gurudumu yote njo gurudumu. Utangoja jua ikaushe."

"Mpaka saa ngapi?"

"Jua njo inajua."

Nikakaa. Nikatazama jua, nikatazama suruali yangu, nikamtazama Asumani, naye akaenda nyuma ya kibanda kutafuta kuni. Hapo ndipo nilipoamua, na nawaambia ulikuwa uamuzi mdogo kabisa, wa pumzi moja: nikaibeba kinga begani, nikaingia kwenye majani, nikaizunguka bariere na kutokea upande wa pili. Madereva waliniona wakacheka tu.

Jamani, barabara ile! Nimeendesha kinga miaka mingi baada ya hapo lakini sijapata tena asubuhi ya namna hiyo. Hakuna kamyo, hakuna vumbi, hakuna honi, udongo mwekundu umelala laini kutoka ukingo huu hadi ule, changarawe ndogo zinalia chini ya tairi, msitu unadondosha matone, na mimi peke yangu katikati kama mwenye mali. Nilipanda vilima bila kushuka (hili ni la kwanza katika yale ninayojivunia, maana vilima vile vijana wengi walikuwa wanavipanda wakisukuma). Nikaachia mikono. Nikaimba. Halafu, kwa kuwa barabara ilikuwa pana na hakuna wa kuniona, nikaanza kuiendesha kwa kupindapinda, kushoto, kulia, kushoto, kulia, raha tupu, mpaka kwenye mteremko kinga ikapinda upande wake na mimi nikapinda upande wangu, nikateleza, nikakaa kwenye tope kwa kishindo, nimekaa vizuri kabisa, kama mtu aliyekaribishwa.

Nilijiosha kwenye kijito hapo chini. Tope la mbele lilitoka, la nyuma lilikataa. Nikaendelea, na nilifika mbele ya adhuhuri.

Nyumba ya Mzee Ramazani ilikuwa ndani, mbali kidogo na barabara, na tangu alfajiri mzee alikuwa anapokea wageni, hakupata nafasi ya kwenda kuikagua barabara yake. Akanipokea kwa heshima, tukasalimiana, nikaketi upesi ili kuficha nyuma yangu. Baba mdogo Saidi alikuwa anang'aa kwa furaha. Zaina nilimwona kwenye mlango wa jikoni, ananitazama kwa jicho moja, lingine amelifunika kwa ushungi.

Mzee akauliza taratibu, kwa wema tu, mazungumzo ya kawaida: "Bariere walifungua saa ngapi?"

Hapo ningesema kweli. Ningesema, baba, nimekosa. Badala yake ulimi wangu wa karani ukatoka mbio: "Mapema, baba. Hata kamyo mbili zilinitangulia."

"Kamyo mbili? Hapa haiyapita kamyo."

"Zilikwama, baba. Kule kwa mutelemuko."

"Na hii matope?" (Alikuwa ameiona. Mtu wa barabara huliona tope.)

"Kamyo njo ilinirushia."

Nikajisikia nimejibu vizuri sana. Lakini nilikuwa nimesahau jambo ambalo kila mtoto wa barabara ile analijua: kamyo ikikwama, kijiji kinatoka. Hakuna kuulizana. Mzee Ramazani akasimama, akapiga kelele moja, na kabla sijameza mate watu wametoka na kamba, majembe, matawi ya kuweka chini ya magurudumu, kina mama wameinua sufuria ya wali waliyotupikia sisi wageni, "wale madereva watakuwa na njaa, maskini," na msafara mzima ukashika njia. Mimi nikaburutwa mbele, kwa sababu mimi ndiye ninayejua zilipo.

Tulipotokea barabarani mzee akasimama. Mbele yetu udongo ulikuwa laini, na katikati yake mstari mmoja, mmoja tu, mwembamba, uliokuja moja kwa moja mpaka kwenye kichochoro cha nyumba yake. Akatembea kando yake. Watu nyuma yake wakaanza kunong'ona. Tukafika pale nilipokuwa napindapinda, mstari ukaenda kushoto, ukaenda kulia, bibi mmoja akauliza, "Huyu dereva alikunywa nini?" Tukafika kwenye mteremko. Na hapo, ndugu zangu, tope lilikuwa limeyatunza makalio yangu yote mawili, safi, kila kitu mahali pake.

Mzee akainama, akayatazama sana. Akanitazama mimi, akanizungusha kwa bega, akatazama suruali.

"Hii kamyo," akasema, "ilikaa hapa kupumzika?"

Kijiji kikaanguka kwa kicheko. Kulikuwa na wazee waliocheka mpaka wakakaa chini, sufuria ya wali karibu imwagike. Baba mdogo Saidi peke yake hakucheka, alikuwa ameinamisha kichwa, na kumwona hivyo kuliniumiza kuliko vicheko vyote.

"Baba, nilidanganya," nikasema. "Niliizunguka bariere. Nilikuwa naogopa kuchelewa."

"Muntu anaruka bariere yangu," mzee akasema, sasa hacheki, "na anakuja kuniomba mutoto."

Akachukua jembe kwa jirani yake akaniwekea mkononi. Nilivua tarbushi, nikaanza pale pale kwenye makalio yangu. Jembe, changarawe, gogo. Wao wakakaa kivulini wakala wali wangu. Nilifuta mstari ule wote, kwenda nyuma mpaka bariere, Asumani akinitazama, halafu kwenda mbele mpaka kichochoroni, mikono ikipasuka malengelenge. Sehemu tatu mzee alizikanyaga kwa kisigino akasema "tena," nikarudia tena. Jua lilipoelekea kuzama bariere ikanyanyuliwa, na zile kamyo mbili zikaja kweli, zikapita juu ya kazi yangu, na haikubonyea hata mahali pamoja. Hili ni la pili ninalojivunia, na ndilo kubwa. Mzee aliinama akapitisha kiganja juu yake. Akasema, "Iko sawa," basi, na mimi hakuna karatasi ya ghala iliyowahi kunipa furaha ya maneno yale.

Lakini kuhusu posa hakusema. Akatuketisha uani, akamwita Zaina mbele ya watu wote.

"Binti, huyu aliruka bariere, na tena alidanganya. Kutengeneza, alitengeneza. Lakini njo wewe utakaa naye. Sema."

Baba mdogo akafumba macho. Mimi nilitazama viganja vyangu, nikajua kwamba nimempoteza, na kwamba nimempoteza kwa kitu cha kipuuzi kabisa.

Zaina akatoa ushungi usoni. "Baba, wenye kudanganya muzuri niliwaona wengi, wanapita hapa kila siku. Huyu hata udongo unamusema. Huyu nitamuweza."

Basi. Tangu siku ile bariere ikilala nami ninalala, hata kama mvua ni ya matone matatu. Na kuhusu kudanganya, niliapa kwamba sitamdanganya tena, na nimekitunza kiapo kwa miaka yote hii, ingawa sina cha kujisifia hapo: kila nikifungua mdomo kujaribu, Zaina huniambia kwanza nigeuke aone nyuma ya suruali.